Renjifainda ya zamani: nibaki nayo au ninunue nyingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi natumia Yashica Electro 35 GSN ya marehemu mjomba, alikuwa anapigia picha za harusi na maulidi hapa Tanga, na tangu watu waanze kuniona nayo shingoni maswali hayaishi. Wengi wameachiwa kamera kama hiyo na mzee wao, wamepiga roli mbili tatu, wameona picha za watu wenye Leica, zile kamera za Kijerumani za bei kubwa, sasa wanataka kuhama. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia nikayajibu hapa kwa urefu. Mifano mingi ni ya Electro kwa sababu ndo kamera ninayoijua mpaka ndani, ila ukiwa na Canonet au Minolta Hi-Matic mengi yatakuhusu.

Renjifainda ni kamera ya namna gani hasa?

Ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwa dirisha dogo la juu pembeni, na katikati ya hilo dirisha kuna kimraba, mara nyingi cha rangi ya njano njano, chenye picha ya pili inayoelea. Unazungusha lenzi mpaka hizo picha mbili zilaliane ziwe moja, hapo umeshafokasi. Ndani hakuna kioo kinachoruka kwahiyo shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga ukipiga picha, inalia taratibu sana, unaweza ukapiga msikitini au kwenye khitma na jirani asigeuke.

Leica II ya mwaka 1932 ndo ilileta mtambo huo ndani ya bodi, yaani kiwiliwili cha kamera, ya Leica ukiwa umeungana na lenzi, halafu 1954 ikaja M3 ambayo mpaka leo watu wanaitajia bei za kutisha. Miaka ya 60 na 70 Wajapani wakatoa za bei ya mtu wa kawaida, lenzi haibadilishwi, na hizo ndo tunazokutana nazo kwenye makabati ya wazee. Yashica Electro ya kwanza ilitoka 1966, GSN ikaja 1973.

Picha zangu zinatoka mbaya. Si bora ninunue kamera nzuri zaidi?

Swali langu la kwanza huwa ni moja tu, mbaya vipi? Kwa sababu ubaya wa picha unasema ugonjwa wenyewe, na magonjwa mengi ya hizi kamera yanatibika kwa hela ndogo kuliko nauli ya kwenda kuifuata hiyo kamera nyingine.

Kama picha zina michirizi ya machungwa au nyekundu, hasa pembeni, mwanga unavuja. Kwenye mlango wa nyuma kuna sponji nyembamba za kuziba mwanga na baada ya miaka 50 zimegeuka lami, ukizigusa zinanata kidoleni. Unazikwangua zote kwa kijiti cha meno na spiriti, polepole, mabaki yasiingie kwenye shata, unaweka uzi mweusi wa sufi kwenye mifereji au sponji mpya nyembamba. Kazi ya jioni moja.

Kama picha zote zina ukungu na rangi zimepauka, hasa ukipiga ukielekea mwangani, angalia lenzi kwa tochi. Kama kitu ulichofokasia hakiko wazi ila kilicho nyuma yake ndo kiko wazi, renjifainda yenyewe, yaani ule mtambo wa kufokasi, imehama. Na kama picha moja ni nyeusi inayofuata nyeupe bila mpangilio, na unatumia Electro, basi karibu hakika ni kale kapedi ka mpira.

Hako kapedi nikaelezee vizuri kwa sababu kameua Electro nyingi. Ndani kuna kipande kidogo cha mpira kinachopokea mtambo wa shata kila unapovuta filamu. Mpira ukioza mtambo haufiki unapotakiwa kufika, umeme wa shata unachanganyikiwa. Kipimo chake ni sikio. Vuta mkono wa filamu taratibu mahali pa kimya, kamera nzima inatoa mlio kama wa kitasa, "tok". Usipousikia, kapedi kameisha. Mwenye kamera hajui, anaona kamera inawaka taa zote vizuri, anatupa hela kwenye roli tano akidhani yeye hajui kupiga picha, mwisho anaenda kununua nyingine. Hilo linaniuma kila nikilisikia.

Nitajuaje kama renjifainda imehama kweli au ni macho yangu?

Nenda sehemu unapoona mbali, mimi huenda ufukweni nikalenga meli zilizotia nanga au mnara wa simu ulioko zaidi ya kilomita moja. Zungusha lenzi mpaka mwisho kabisa kwenye alama ya infiniti. Picha mbili zinatakiwa zilaliane sawasawa. Zikipishana kwa kulia au kushoto, kipimo kimehama. Zikipishana juu na chini, bado unaweza kupiga ila utapata tabu kuona.

Halafu pima karibu. Electro inafokasi mwisho sentimita 80. Laza rula mezani kwa mshazari, fokasi kwenye namba moja, piga na tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi kabisa, f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ukisafisha filamu utaona namba ipi imetoka wazi.

Kimraba kikiwa kimefifia sana hukioni, jaribu hivi kabla hujalia: kata kipande kidogo cha tepu nyeusi ukibandike katikati ya kioo cha mbele cha dirisha la kutazamia, pale pale mbele ya kimraba. Picha kubwa inapata giza katikati, ile ya pili inaonekana wazi kabisa. Ni tepu tu.

Betri za zamani hazipatikani tena, si ndo sababu tosha ya kuhama?

Hapana, kwa Electro hapana kabisa. Betri yake ya awali ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, na hizo zimeondolewa sokoni kwa ajili ya sumu, Marekani walitunga sheria yake 1996. Saa hizi tunaweka 4LR44 ya volti 6 na kamera haibabaiki. Ni ndogo kuliko nafasi yake kwahiyo unaizungushia karatasi ngumu na kuweka springi ndogo ya kalamu kujaza urefu, au unanunua adapta. Ukibonyeza kitufe cha nyuma na taa ya kijani ikiwaka, umemaliza.

Canonet QL17 GIII ndo ya kuangalia. Mita yake, yaani kipima mwanga, inataka volti 1.35, ukiweka ya alkalaini ya 1.5 inaweza kukudanganya mwanga. Tumia betri za mashine za kusikilizia za viziwi namba 675, zina volti 1.4 hivi, ukishabandua stika yake inaanza kufa polepole hata kama hupigi picha, kwahiyo nunua paketi.

Fundi nampata wapi? Simu zenyewe zinatushinda.

Tafuta fundi saa wa zamani, yule wa kukaa na lenzi jichoni. Shata ya Electro na Canonet ipo ndani ya lenzi, ni majani membamba ya chuma yanayofunguka na kufunga, na ugonjwa wake mkubwa ni mafuta yaliyoganda. Mtu mwenye mkono wa saa anaweza kuisafisha, kitu asichokijua ni kamera yenyewe, kwahiyo mpelekee picha za hatua kwa hatua za mtu aliyeifungua modeli ile ile.

Niliwahi kumpa fundi mmoja kamera ya mjomba, simtaji, akapulizia mafuta ya kulainishia kufuli kwenye majani ya shata. Siku mbili ilifanya kazi vizuri, siku ya tatu majani yakagandana. Mafuta ni adui hapo, majani yanatakiwa makavu kabisa. Nilikaa miezi bila kamera na ilikuwa ni kumbukumbu yangu ya mtu. Sasa kabla sijaacha kamera kwa mtu namuuliza swali moja, "utatumia nini kusafishia shata?" Akijibu mafuta nachukua mzigo wangu naondoka.

Lenzi yangu ina fangasi. Imekufa?

Inategemea fangasi wamekaa muda gani. Pwani hii joto na unyevunyevu ndo chakula chao, na watu wanawaongezea kwa kufungia kamera kwenye ule mkoba wake wa ngozi kabatini. Ngozi inashika unyevu. Toa kamera humo, mkoba uweke kumbukumbu mbali nayo.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tundu na shata vikiwa wazi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui pembezoni, picha bado zitatoka vizuri ila safisha mapema. Wakishakula ile rangi ya juu ya kioo alama haitoki tena hata ukisafisha. Kisha hifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na mikoba, uvibadilishe au uvikaushe vikishashiba maji. Na sikiliza hili: ukinunua Leica ya mamilioni ukaiweka kabati lile lile, fangasi nao watahamia humo.

Taa nyekundu inawaka kila nikipiga mchana. Nahitaji kamera yenye spidi kubwa zaidi?

Hili ndo swali ninalolipenda kwa sababu hesabu yake inamaliza ubishi.

Electro mwisho wake ni spidi ya 1/500 ya sekunde. Jua letu la saa saba mchana, ukiwa na filamu ya ISO 400 (namba ikiwa kubwa filamu inahitaji mwanga kidogo), linataka kama 1/400 kwa f/16. Ukifungua tundu mpaka f/8 unahitaji kama 1/1600, kamera haina, taa nyekundu inawaka. Sasa Leica M3 na M6 mwisho wao ni 1/1000. Yaani umetoa hela zote hizo umepata hatua moja tu, yaani nusu ya mwanga, na f/8 ile ile bado inakushinda.

Dawa ni filamu ya ISO 100 au 200 mchana, au filta ya kupunguza mwanga, ND8, ya milimita 55 ambayo ndo saizi ya Electro. Ila jicho la mita la Electro lipo kwenye bodi juu, halipo nyuma ya filta, kwahiyo lazima umwambie kamera: filamu ya 400 ukiwa umevaa ND8 weka namba 50. Hapo f/5.6 inapigika juani. Kwenye Canonet jicho lipo ndani ya pete ya lenzi, filta inalifunika lenyewe, huhitaji kubadili namba.

Na taa ikiwaka kidogo usiogope, negativu za rangi zinavumilia mwanga kuzidi hatua moja au mbili. Kinachoziumiza ni mwanga kupungua.

Basi ni lini kweli nahitaji kuhama?

Kwa maoni yangu sababu za kweli ni tatu na kila moja lazima uwe umeigonga mwenyewe kwenye roli zako, siyo kuisoma kwa mtu.

Ya kwanza ni lenzi. Electro ina 45mm tu, haibadilishwi. Kama unapiga ndani ya vyumba vya Mji Mkongwe au kwenye vichochoro na kila mara mgongo umefika ukutani na bado watu hawaenei, hiyo ni 28 au 35mm unayoitaka, namba ikiwa ndogo lenzi inaona kwa upana zaidi, hakuna ufundi utakaoipa Electro lenzi hiyo.

Ya pili ni kutaka kuamua spidi mwenyewe. Kwenye Electro unachagua tundu, kamera inachagua spidi na haikuambii ni ngapi, inakuonya tu kwa taa ya njano ikishuka chini ya 1/30. Kwa harusi na mtaani inatosha sana. Lakini unataka kufuatisha bodaboda kwa 1/30 ili nyuma kufutike, au unapiga ngoma usiku na mataa yanadanganya mita, utateseka. Tena betri ikifa unabaki na 1/500 peke yake.

Ya tatu ni matengenezo ya mbele. Hizi za umeme wa zamani sakiti ikiungua kabisa, unatafuta nyingine ya kuchuna vipuri. Kamera ya gia tupu inaweza kutengenezwa na mtu mwenye subira miaka 50 mingine.

Kama hujaguswa na hata moja, hela yako iende kwenye sevisi na filamu. Piga hesabu hivi: roli mbili kwa mwezi ni roli 24 kwa mwaka, picha 864. Chukua bei ya roli unayonunua, jumlisha kusafisha na kuskeni, zidisha kwa 24. Hiyo hesabu iweke pembeni ya bei ya bodi unayoitamani uone unaacha miaka mingapi ya kupiga picha ili uwe na bodi hiyo.

Nimeguswa na moja au zaidi. Nihamie ipi?

Kama ni spidi tu, lenzi unaridhika nayo, chukua Canonet QL17 GIII. Ndogo kuliko Electro, 40mm f/1.7, ukitoka kwenye otomatiki unaweka tundu na spidi mwenyewe na inapiga hata bila betri, mita ndo inakuwa imezima.

Kama ni lenzi na mfuko ni mwembamba kuna za Kisovieti, Zorki 4 na FED, zinatumia lenzi za skrubu za milimita 39, aina ile ile ya Leica za zamani. Zorki 4 na lenzi ya Jupiter-8 50mm f/2 inatoa picha nzuri mno. Lakini ina masharti: vuta filamu kwanza ndipo ubadili spidi, ukibadili kabla unaweza kuvunja mtambo. Na shata yake ni ya kitambaa. Hapa kwetu hilo ni jambo kubwa, ukiiacha mezani au shingoni lenzi haina kifuniko na imeelekea jua, inachoma kitambaa kama kioo cha kuwashia moto, unapata tundu na kila picha inakuwa na doa. Leica nazo ni kitambaa, zina hatari hiyo hiyo. Electro na Canonet hazina shida hiyo.

Katikati kuna Voigtländer Bessa, zimetengenezwa na Cosina wa Japani, uzalishaji ulikoma 2015. R2M na R3M ni za gia, betri ni ya mita tu. R2A na R3A bila betri hazipigi, angalia herufi ya mwisho kabla hujalipa. Shata zake ni za chuma. Udhaifu wa Bessa ni umbali kati ya madirisha yake mawili, milimita 37 tu, na umbali huo ukizidishwa na ukuzaji wa dirisha ndo unapata usahihi wa kufokasi. R2A na R2M zinabaki na kama 26, Leica M6 ya kawaida kama 50, M3 kama 62. Kwa 28 na 35mm hutaona tofauti. Kwa 90mm, au 50mm ya f/1.4 ikiwa wazi, utaiona.

Leica sasa. M3 haina mita, dirisha lake ni kubwa na zuri kuliko yote niliyowahi kutazamia, lakini fremu zake ni za 50, 90 na 135, mtu wa 35mm anunue M2. M6 ya 1984 ina mita na shata ni ya gia, wenyewe wameirudisha kiwandani 2022. Ni kamera za kweli, sitakudanganya kuwa ni jina tu. Niliazimwa M6 wiki moja na nilipenda kila kitu. Nilipopanga picha zake pembeni ya za Electro nilishindwa kusema ipi ni ipi mpaka nigeuze karatasi.

Lenzi za skrubu nikinunua leo, nikipata Leica kesho zitanifaa?

Ndiyo, kwa pete ya adapta zinaingia kwenye M na Bessa. Tahadhari ni za Kisovieti, zinaweza kukosea fokasi kidogo ukiwa karibu na tundu limefunguka. Ukifunga mpaka f/5.6 hujui tofauti.

Nikiagiza Japani au Ujerumani nimuulize nini muuzaji?

Maneno ya "hali nzuri sana" yaache. Omba picha ya lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma. Omba video fupi spidi ya sekunde moja ikipigwa, maana spidi za taratibu ndo za kwanza kugoma. Omba picha ya ndani ya dirisha kimraba kikionekana. Uliza kama ilishafanyiwa sevisi na lini, kama haijafanyiwa jumlisha gharama hiyo kwenye bei. Halafu jumlisha usafiri, ushuru, na VAT, bara huku ni asilimia 18 na Kenya 16. Nimeona watu wanafika posta na hela ya kamera tu, mzigo unalala.

Niuze ya zamani kuongezea hela?

Kama ni ya mtu aliyekulea, usiuze. Electro hazina bei kubwa kihivyo, utakachopata hakitasogeza Leica. Kama uliinunua tu mtumba, mpe kijana anayeanza, kwa bei ya kawaida, ikiwa imeshabadilishwa sponji.

Kwanini nisihamie SLR tu, zile kamera za kioo unazotazama kupitia lenzi?

Unaweza. Ukipenda kupiga karibu sana au mbali sana, ndege, maua, mpira, SLR inakufaa na lenzi zake ni rahisi kuzipata. Renjifainda nguvu yake ni watu na mtaa na mwanga hafifu.

Nimeamua kubaki na yangu. Nianzie wapi wiki hii?

Sikiliza ule mlio wa "tok". Badili sponji. Pima infiniti. Nunua roli moja ya ISO 200 na daftari dogo, kila picha andika tundu, saa, na jua lilikuwa upande gani, kisha ukipokea skeni kaa na daftari pembeni. La mjomba nilikuta amelisokomeza ndani ya mkoba wa ngozi, kurasa zimejikunja kwa unyevu, na ukurasa wa mwisho ameandika "f/8, saa kumi na moja, ua wa bibi harusi, kivuli". Negativu yake ninayo.